Mchezaji wa Ulinzi Asiyechaguliwa kwenye Drafti: Safari ya James Harrison na Suala la Jeraha Lisiloandikwa

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya mawakala, makocha na wasimamizi wa wachezaji chipukizi, kufuatia ombi la waandaaji kwamba ielezwe safari ya mchezaji mmoja wa futiboli ya Kimarekani aliyepita bila kuchaguliwa kwenye drafti akafika kileleni, ili vijana wapate hamasa. Ombi hilo limezingatiwa, ila sehemu kubwa ya mada imeelekezwa kwenye mikataba na majeraha, kwa kuwa hamasa hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, ilhali maelezo ya vifungu vya mkataba ni adimu. Haikusudiwi kulaumu klabu, ligi wala chama chochote.

Suala lenyewe haliko mbali na Afrika Mashariki. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa mwaka 2013 na Indianapolis Colts kama mchezaji wa ulinzi bila kupitia drafti na bila kuwahi kucheza mchezo huo hata chuoni, na mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Mwaka 2023 ligi hiyo ilifanya kambi ya kusaka vipaji jijini Nairobi. Kijana wa ukanda huu anayeipata bahati hiyo hukabidhiwa mkataba wa aina inayojadiliwa hapa.

2. Ufafanuzi wa istilahi

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila upande uwanjani, ambapo kikosi cha ushambuliaji na kikosi cha ulinzi ni watu tofauti. Kwotabaki ni mchezaji wa ushambuliaji anayepokea na kurusha mpira. Lainibeka ni mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, na yule wa pembeni kazi yake kubwa ni kumwangusha kwotabaki kabla mpira haujamtoka mkononi. Kikosi maalumu ni kile kinachoingia wakati wa mipira ya kupigwa kwa mguu. Haya yanajulikana kwa wengi waliohudhuria, kwa hiyo hayatarefushwa.

Drafti ni utaratibu, ulioanza mwaka 1936, ambao klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Tangu mwaka 1994 una raundi saba tu, na kwa klabu 32 majina yanayosomwa huzidi 250 kwa kiasi kidogo. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1952, Dick Lane alipoingia Los Angeles Rams bila kuchaguliwa na kunasa pasi 14 za wapinzani katika msimu wa mechi 12, rekodi ambayo haijavunjwa, drafti ilikuwa na raundi 30. Kutochaguliwa wakati huo kulimaanisha kwamba mchezaji hakujulikana kabisa, au kwamba rangi yake ilimfungia mlango. Siku hizi kunaweza kumaanisha tu kwamba klabu zimeona ni nafuu kumsubiri hadi raundi ya saba iishe, kisha zimpigie simu. Mwenye kuwasifu wasiochaguliwa wa leo kwa maneno waliyosifiwa wale wa zamani anachanganya mambo mawili.

3. Safari ya James Harrison

Harrison alizaliwa Akron, Ohio, mwaka 1978, akasoma na kucheza Chuo Kikuu cha Kent State. Mwaka 2002 hakuchaguliwa. Kimo chake cha futi 6 kilihesabiwa kuwa kifupi kwa lainibeka wa pembeni, kama ambavyo Sam Mills, mwenye futi 5 na inchi 9, alikataliwa kabla yake, ingawa Mills sasa yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Pittsburgh Steelers walimsajili Harrison kwa mkataba wa mchezaji asiyechaguliwa, wakamweka kikosi cha mazoezi, yaani cha akiba wanaofanya mazoezi na timu, kwa muda mwingi, akacheza mechi moja msimu wote. Alitemwa, akarudishwa, akatemwa tena. Baltimore Ravens walimchukua, wakampeleka Ujerumani kuichezea Rhein Fire katika ligi ya NFL ya Ulaya mwaka 2004, na aliporudi nao wakamtema.

Kurejea kwake Pittsburgh mwaka huohuo kulitokana na ajali: Clark Haggans, lainibeka wa timu hiyo, aliumia mkono akinyanyua vyuma, na klabu ikahitaji mtu wa kujaza nafasi kambini. Kwa misimu mitatu Harrison alijipatia riziki hasa katika kikosi maalumu, njia inayopitiwa na walinzi wengi wa daraja lake kwa sababu kazi ya kikosi hicho ni kukimbia na kuangusha watu, kazi ambayo mlinzi anaimudu kuliko mshambuliaji. Joey Porter, lainibeka mwingine wa timu hiyo, alipoachwa mwaka 2007, nafasi ikawa ya Harrison. Mwaka 2008 aliwaangusha makwotabaki mara 16 akatangazwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi, wa kwanza kuipata tuzo hiyo bila kuwa amepita kwenye drafti. Tarehe 1 Februari 2009, katika Super Bowl, fainali ya ligi, iliyochezwa Tampa, alinasa pasi ya Kurt Warner, kwotabaki wa wapinzani, kwenye mstari wa goli na kukimbia nayo yadi 100 hadi upande wa pili, na Steelers wakaishinda Arizona Cardinals kwa 27 kwa 23.

Warner naye hakuchaguliwa kwenye drafti, naye alipitia ligi ile ile ya Ulaya, akiwa na Amsterdam Admirals mwaka 1998. Mtu aliyerusha na mtu aliyenasa walitoka mlango mmoja, na mlango huo ulifungwa mwaka 2007 ligi ya Ulaya ilipovunjwa. Jambo hili hutajwa mara chache katika hotuba za hamasa.

Mwezi Aprili 2009 Harrison alipewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya takriban dola milioni 51. Haukufika mwisho. Machi 2013, pande mbili ziliposhindwa kuafikiana kuhusu kupunguza mshahara, klabu ilimwacha, kwa kuwa fedha zinazotangazwa katika mikataba ya NFL kwa kawaida si zote zenye dhamana. Alicheza Cincinnati, akarudi Pittsburgh mwaka 2014, akamaliza na New England Patriots na kustaafu mwaka 2018. Ikiwa mchezaji bora wa ulinzi hakuwa na dhamana ya miaka aliyoandikiwa, hali ya kijana wa mwisho katika orodha ya kambi haihitaji kuelezwa kwa maneno makali.

4. Jeraha lisiloandikwa

Hapa ndipo penye tatizo ambalo limezungumzwa katika semina kadhaa zilizopita, likapokelewa vizuri, likaingizwa kwenye muhtasari wa kikao, na halikusikika tena.

Klabu huanza kambi ya maandalizi ikiwa na wachezaji 90 na hutakiwa kubaki na 53 kabla ya msimu, pamoja na 16 wa kikosi cha mazoezi. Mchezaji asiyechaguliwa husaini miaka mitatu, mmoja pungufu ya aliyechaguliwa, na fedha za kusaini ambazo klabu inaweza kuwagawia wachezaji wa kundi lake zina kikomo kwa jumla. Mshahara ulioandikwa hulipwa kwa majuma ya msimu. Kambini hupewa posho. Anayetemwa kambini, basi, hata kama mkataba wake unasoma mamia ya maelfu ya dola, huondoka na posho na kile kidogo alichopata siku ya kusaini.

Mchezaji akiumia mazoezini, mkataba wa hali bora uliofungwa kati ya ligi na chama cha wachezaji humpa haki kadhaa, na ni haki za kweli. Klabu haitakiwi kumtema mtu aliyeumia kazini kana kwamba ni mzima. Aliye mchanga hutangazwa kuwa ameachwa akiwa majeruhi, na asipodaiwa na klabu nyingine hurudi kwenye orodha ya majeruhi ya klabu yake, ambako mara nyingi hulipwa kiwango cha chini kilichokwisha kuandikwa katika mkataba wenyewe, kwa maana mikataba ya kundi hili huwa na mishahara miwili, wa uzima na wa ugonjwa. Au hufikiwa makubaliano ya kumaliza shauri: madaktari hukadiria majuma ya kupona, mchezaji hulipwa majuma hayo na kuondoka. Asiporidhika anaweza kutafuta daktari wa pili kwa gharama ya klabu, na anaweza kufungua shauri la jeraha ndani ya siku 25, ambapo daktari asiyeegemea upande wowote humpima na msuluhishi huamua.

Haki zote hizi zimejengwa juu ya sharti moja, nalo ni kwamba jeraha liwe limeripotiwa na kuandikwa. Mchezaji wa daraja hili ana sababu zote za kutoliripoti. Akikosa mazoezi ya siku mbili, mwenzake anayewania nafasi ileile hupata zamu zake zote. Makocha huanza kumwona kuwa mtu wa kuumia-umia. Na kwa kuwa klabu haikuweka fedha nyingi kwake, kumwacha hakuigharimu kitu. Kwa hiyo mchezaji hufunga bandeji chumbani, humeza dawa ya maumivu, hucheza. Akitemwa juma la nne, anapimwa kabla ya kuondoka akiwa na shauku ya kuonekana mzima ili klabu nyingine imwite, na fomu ya uzima anaisaini kwa mkono wake mwenyewe. Siku 25 zinapopita, goti lililochanika halina tarehe, halina shahidi wala karatasi. Kisheria ni goti la raia wa kawaida.

Isidhaniwe kwamba ni suala la ujinga wa vijana. Tarehe 8 Desemba 2011 Harrison mwenyewe alimgonga kichwani Colt McCoy, kwotabaki wa Cleveland Browns, katika mechi iliyorushwa na televisheni nchi nzima. McCoy alirudishwa uwanjani bila kupimwa mtikisiko wa ubongo, na baadaye ikathibitika kuwa alikuwa nao. Harrison alifungiwa mechi moja bila malipo, na mwezi huohuo ligi ikaanza kuweka waangalizi wa tiba juu ya majukwaa ya uwanja ili wawaone waliogongwa. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini McCoy alikuwa mchezaji mkuu wa timu yake, mbele ya kamera na maelfu ya watu, na bado jeraha lake lilipita; mlinzi asiyechaguliwa huumia kwenye mazoezi yaliyofungwa, katika zamu ya tatu, ambako macho yote yako kwa wengine.

Kuna pia suala la pensheni. Ili mchezaji astahili pensheni ya ligi anahitaji misimu mitatu iliyohesabiwa, na msimu huhesabiwa kwa mechi alizokuwa na hadhi kamili ya kulipwa, si kwa majuma ya kikosi cha mazoezi peke yake. Anayezungushwa kati ya kutemwa na kurudishwa, kama Harrison kati ya 2002 na 2004, anaweza kutumia miaka ya ujana wake yote bila kufikia hesabu hiyo. Harrison alivuka. Waliotemwa pamoja naye kambini hawana hadithi inayosimuliwa, na semina za namna hii haziitishwi kuwazungumzia.

5. Mapendekezo

Inapendekezwa, kwanza, kwamba wakala au msimamizi yeyote anayempeleka kijana kwenye majaribio ya nje, iwe futiboli ya Kimarekani au raga, ahakikishe kijana anapimwa na daktari nyumbani kabla ya safari na nakala ya vipimo inabaki kwa familia, kwa sababu bila kujua hali ya goti kabla ya kambi ni vigumu kuthibitisha kambi imelifanya nini.

Pili, mkataba usomwe kifungu kwa kifungu kwa lugha anayoielewa kijana, hasa kifungu cha mishahara miwili, na wakala asikubali kueleza jumla ya fedha za mkataba bila kueleza kiasi chenye dhamana. Tangazo la jumla peke yake ni upotoshaji, hata linapofanywa kwa nia njema na magazeti.

Tatu, kijana afundishwe kuripoti kila jeraha siku ileile, kwa maandishi, na kubaki na nakala. Pendekezo hili limetolewa kabla na linarudiwa kwa kuwa halijatekelezwa. Inaeleweka kwamba linamweka mchezaji katika hatari ya kutemwa. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mchezaji peke yake, na pendekezo la nne linamhusu kocha, ambaye hapaswi kupewa mamlaka ya kupokea taarifa za majeraha. Zipokelewe na daktari au mtabibu asiyehusika na uteuzi wa kikosi.

Tano, fomu ya uzima isisainiwe siku ya kuachwa kabla mchezaji hajazungumza na wakala wake, na wakala apatikane kwa simu siku hiyo, jambo ambalo mtu angedhani halihitaji kupendekezwa.

Sita, muda wa siku 25 uandikwe kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza wa jalada la kila mchezaji. Saba, vyama vya michezo vya ukanda huu, kwa kadiri taratibu zao zinavyoruhusu, vifikirie kuingiza masharti kama hayo katika mikataba ya majaribio ya klabu zao wenyewe, ambako kijana huja kwa nauli yake, huumia na kurudi kwa nauli yake bila karatasi yoyote. Nane, waandaaji wa semina zijazo waalike angalau mchezaji mmoja aliyetemwa kabla msimu haujaanza, na wamlipe posho sawa na ile wanayolipwa watoa mada.