Risasi ya Sarajevo na Mizigo ya Babu Zetu



Leo tuzungumze juu ya vita. Vijijini mwetu bado husimuliwa habari za vita vya Mjerumani na Mwingereza. Je, vita hivyo vilianzia wapi? Havikuanzia kwetu.

Vilianzia Ulaya, katika mji wa Sarajevo, nchi ya Bosnia. Wakati huo Bosnia ilitawaliwa na dola ya Austria-Hungaria. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa ufalme wa dola hiyo, Franz Ferdinand, alitembelea mji huo pamoja na mkewe. Kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, aliyechukia utawala huo, akawapiga risasi. Wote wawili wakafa.

Sasa tujiulize: waliouawa ni wawili, mbona baadaye wakafa mamilioni? Sababu moja kubwa ni mapatano ya kusaidiana vitani.

Austria iliilaumu jirani yake Serbia. Ujerumani, rafiki wa Austria, ikaahidi kuiunga mkono kwa lolote. Basi Austria ikapata kiburi. Ikaipa Serbia masharti makali, na saa 48 tu za kujibu. Serbia ilikubali mengi, si yote. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita. Urusi ikainuka kuitetea Serbia. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi, na tarehe 3 juu ya Ufaransa, rafiki wa Urusi. Majeshi ya Ujerumani yakaingia Ubelgiji. Uingereza ilikuwa imeahidi kuilinda Ubelgiji, nayo ikaingia vitani tarehe 4.

Wiki moja tu, ndugu zangu! Ni kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Mmoja akitumbukia shimoni, wote huvutwa.

Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza ikaipiga mizinga Dar es Salaam. Babu zetu hawakuwa na ugomvi na mtu wa Sarajevo. Lakini walitawaliwa, hawakuulizwa. Wengi walikamatwa kwa nguvu wawe wapagazi, wabebe risasi na vyakula vya majeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Wajerumani wa huku waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918.

Tunajifunza nini? Kusaidiana si kubaya. Sisi tunasaidiana kulima, tunasaidiana kuzika. Ubaya ni kumwahidi rafiki kwamba utapigana upande wake hata kabla ya kujua kosa ni la nani. Ng'ombe wa mtu mmoja akiibiwa, ukoo mzima ukachukua mapanga, na ukoo wa pili ukaita marafiki zake, nani atabaki wa kusuluhisha?

Kutoka risasi ile hadi kutangazwa vita zilipita siku 30. Nafasi ya kuzungumza ilikuwapo. Haikutumiwa.

Basi tukutanapo darasani tujadiliane: rafiki yako akiwa na hasira, utampa panga, au utamshika mkono?