Muhogo Haukuyeyuka

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani, Kiwangwa)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi na maendeleo ya kijiji. Nitasema juu ya kosa langu, maana hilo nalijua vizuri zaidi.

Tarehe 1 Juni, 2019, Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Mjomba wangu, mkulima wa hapa hapa Kiwangwa, akaniuliza kama ni kweli muhogo waweza kufanywa mfuko. Nikamjibu kwa kiburi cha digrii: "Unaweza, mjomba." Akang'oa mananasi ekari moja, akapanda muhogo.

Nilisema nusu ya ukweli. Wanga wa muhogo ni polima kama plastiki, yaani minyororo mirefu. Lakini minyororo hiyo imeshikana mno. Wanga mkavu ukiupasha moto hauyeyuki. Hugeuka kahawia, kisha huungua. Jaribuni kwenye kikaango. Nayo mashine ya mifuko yataka kitu kinachotiririka kama asali nzito.

Hapo ndipo kilainishi kinapohitajiwa. Kinachotumika sana ni gliserini, hii inayouzwa duka la dawa kwa kupaka ngozi. Molekuli zake ndogo hujipenyeza kati ya minyororo, nayo ikapata kuteleza. Katika gramu 100 za mchanganyiko, gliserini huwa kama 20 mpaka 40.

Kutiririka huko hupimwa. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa na uzito, mara nyingi kilo 2.16, kupitia tundu la milimita 2 hivi. Kinachotoka kwa dakika 10 hupimwa kwa gramu. Ukiongeza gliserini, gramu zinaongezeka. Basi nikadhani dawa ni kuongeza tu.

Sivyo. Kinachotiririka kupita kiasi hakishiki umbo, huchanika kabla ya kupoa. Tena gliserini hunywa unyevu wa hewa, na pwani yetu mnaijua: wakati wa masika vipande nilivyotengeneza vilinata kama ulimbo. Vile vyenye gliserini kidogo navyo, baada ya wiki kadhaa, minyororo ilijipanga upya, vikavunjika kama biskuti. Ndiyo sababu viwanda huchanganya wanga na polima nyingine zinazooza, na hizo hazilimwi Kiwangwa.

Muhogo wa mjomba uliliwa, uliobaki ukauzwa makopa kwa bei ya kutupa. Leo amekaa safu ya mbele. Hajanidai kitu, nami ningependa angenidai.

Vijana wa kidato cha tatu wameomba tuanze upya. Nimeleta gliserini chupa mbili na mzani. Safari hii kila kipande kitaandikwa kiasi chake, kitaning'inizwa dirishani maabara mpaka masika yapite, ndipo tumwambie mjomba neno.