Kijana Atokaye Shule na Kazi ya Kukanda Viungo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumetakiwa na kamati tuseme machache juu ya vijana wetu wanaojifunza kazi ya kukanda viungo, ambayo wengine huiita masaji. Jambo lenyewe ni hili: kijana amemaliza shule juzi, amepata cheti, na wiki hiyo hiyo anamwomba baba yake achukue mkopo katika chama cha akiba, ili akodi chumba mjini, anunue kitanda cha kukandia na kuandika jina lake mlangoni. Mzazi naye, kwa kuwa ni mtoto wake, anaona haya kukataa. Sisi twasema mkopo huo ungoje kwanza.

Msidhani twaidharau kazi hii. Nani ajuaye thamani ya mkono wa mkandaji kama sisi tunaoinua mataruma na kufunga mabehewa? Huko Pwani mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto tangu zamani. Ni kazi ya heshima. Lakini tuulizane: katika reli, kijana akitoka shule hupewa injini siku ile ile avute treni ya abiria? Wakati wa injini za moshi wazee wetu walichochea makaa miaka mingi kabla ya kuaminiwa kuendesha. Je, mwili wa binadamu ni jambo dogo kuliko injini?

Kwanza, tazama mkono wake mwenyewe. Mkandaji mgeni husukuma kwa kidole gumba na kwa nguvu za mabega. Akikanda watu wengi kwa siku, haipiti muda gumba linauma, na kiuno pia. Aliyekomaa huegemeza uzito wa mwili wake, hutumia kiganja na kiwiko, na hupima kitanda chake kisimlazimishe kuinama. Mambo haya shuleni husemwa, lakini mkono hauyashiki mpaka umefanya kazi siku nyingi karibu na mtu wa kukukemea.

La pili ndilo linalotutia hofu zaidi, nalo ni kujua nani asikandwe. Mtu aja, mguu mmoja umevimba, una moto, shavu la mguu lauma. Asema alikaa safarini muda mrefu. Kijana mwenye njaa ya shilingi atamlaza na kumkanda. Kumbe huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge lile likisukumwa laweza kupanda mpaka mapafuni, mtu akafa. Huyo hupelekwa hospitali, hakandwi. Vivyo hivyo mwenye homa, na mwenye mfupa uliovunjika. Kumwambia mteja wa kwanza wa wiki, "Bwana, leo sikukandi, nenda kwa daktari," kwataka moyo, na moyo huo ni haba iwapo tarehe ya kodi imefika.

Nayo kodi ni hesabu nyepesi. Tuseme chumba ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na kila mtu hulipa 1,000. Mgeni asiyejulikana akipata watu watatu kwa wiki, mwezi mzima amepata 12,000. Zote zimekwenda kwa mwenye nyumba. Mafuta, sabuni ya kufulia mashuka, leseni ya kaunti, chakula chake, na mkopo wa baba yake, vitalipwa na nani?

Tena liko jambo la jina. Mwaka 1894 huko London gazeti la madaktari lilifichua nyumba zilizofanya kazi ya aibu chini ya jina la kukanda. Wanawake wanne wauguzi, mmoja wao Rosalind Paget, hawakukaa kulia. Walianzisha chama mwaka ule ule, wakaweka mtihani na masharti: usikande ila kwa agizo la daktari, usijitangaze ila katika magazeti ya udaktari, usiwauzie wagonjwa dawa. Chama kile kilipata Hati ya Kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia. Sisi watu wa chama twaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mtu mmoja mlangoni pake hawezi kulilinda jina la kazi; wengi waliofungana waweza.

Hapa Kenya fiziotherapia ina sheria yake ya mwaka 2014, na baraza lake. Basi kijana mwenye cheti cha kukanda tu asiandike mlangoni kwamba yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wako wanaofanya hivyo, wala si wachache.

Bwana Mwenyekiti, twaomba kamati ikubali haya. Kijana afanye kazi mwaka mmoja au miwili chini ya mkandaji mzoefu, hata kwa mshahara mdogo, huku akiandika katika daftari watu aliowakanda na wale aliowakataa. Kisha mkopo utolewe kwa sehemu mbili: kwanza kitanda na mashuka, awafuate watu nyumbani kwao, chumba baadaye, akiwa na wateja wanaorudi. Wenye vijana wa namna hii wampe Katibu majina yao kabla ya mkutano ujao, ili tutafute wakandaji wazoefu watakaokubali kuwapokea.