Kikosi maalumu nacho kinaulizwa



Kuna watu wakitusikia tunahoji polisi, wanasema, "Hawa wanatetea magaidi." Leo nawajibu kwa mfano wa Ufaransa.

Wale wana vikosi vitatu vikubwa vya kukabili magaidi: BRI ya polisi wa Paris, iliyoanzishwa 1964, GIGN ya jandarmeri, 1974, na RAID ya polisi wa taifa, 1985. Novemba 13, 2015 magaidi waliua watu 130, 90 kati yao kwenye ukumbi wa Bataclan. BRI wakaingia kuokoa mateka. Siku tano baadaye RAID wakavamia maficho ya magaidi huko Saint-Denis. Mashujaa? Ndiyo, tena sana.

Lakini bunge halikuishia kupiga makofi. Mwaka 2016 liliunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti alikuwa mbunge wa upinzani, Georges Fenech. Wakuu wa vikosi wakaitwa, wakahojiwa. Kwa nini vikosi vitatu kwa kazi ile ile? Kwa nini Saint-Denis polisi walipiga risasi zaidi ya 1,500, wakati bunduki iliyopatikana mle ndani ni bastola moja? Ripoti ikachapishwa, kila raia akaweza kuisoma.

Je, RAID ilikufa kwa kuulizwa? Wapi! Ipo mpaka leo.

Kwa hiyo mimi nasema, kuhoji siyo kusaliti. Anayebeba silaha kwa jina letu ajibu maswali yetu. Na siku sisi tukishika dola, tuulizwe hivyo hivyo.