Pumba na Majani kwa Nguruwe Mwenye Mimba



Nguruwe jike hubeba mimba kwa siku 114 hivi: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Muda mwingi wa mimba hapaswi kula chakula kingi cha nguvu, kwa sababu akinenepa sana huzaa kwa shida, na akishazaa hukosa hamu ya kula, maziwa yakapungua. Ndiyo maana hupimiwa, mara nyingi kilo mbili na kitu kwa siku. Lakini kipimo hicho hakimshibishi! Utamwona akitafuna mbao za banda, akipiga kelele, akipigana na wenzake.

Hapo ndipo nyuzinyuzi zinapofaa. Pumba za ngano au majani ya viazi vitamu hujaza tumbo bila kumnenepesha, naye akatulia na kulala. Umoja wa Ulaya umeliweka hili kwenye sheria: nguruwe mwenye mimba lazima apewe chakula cha kujaza tumbo. Faida nyingine ni choo laini. Anayekaribia kuzaa hufunga choo kwa urahisi, na kuzaa kukachukua muda mrefu.

Ila makapi ya mpunga, yale maganda makavu, usiyahesabu. Hayana lishe ya maana. Mwezi wa mwisho watoto hukua haraka tumboni, basi usiache pumba zichukue nafasi ya chakula chenyewe.

Maji yawepo mchana na usiku. Na pumba zilizoota ukungu zitupe, maana zinaweza kuharibu mimba.