Ushahidi wa Wazee na Hoja ya Muumba: Swali la Chanzo cha Ulimwengu Katika Nyanda za Juu Kusini

Katika mimbari za makanisa, katika madarasa ya falsafa na dini, na katika midahalo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya, ambavyo kadhaa kati yake vilianzishwa na Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki, iko hoja iliyozoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuidai ithibati. Husemwa kwamba ulimwengu upo. Kwamba kilichopo hakiwezi kujileta chenyewe. Kwamba kwa hiyo yuko Muumba. Na kwamba jambo hili ni dhahiri mno hata wazee wa Nyanda za Juu Kusini walilitambua kwa kutazama milima, mvua na nyota, kabla wamisionari hawajafika Rungwe mwaka 1891. Mhadhara huu utakaa zaidi kwenye dai hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalotumiwa kuziba mapengo ya madai yaliyotangulia, na ndilo lililopimwa kidogo kuliko yote.

Aliyelipa dai hilo hadhi ya kitaaluma ni John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na katika kile cha mwaka 1970 ambamo alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka jamii karibu 300 za bara zima. Mbiti alikuwa akipambana na dharau ya kweli, yaani fikra ya wengi huko Ulaya kwamba Mwafrika alikuwa na hofu na uchawi tu, wala hakuwa na dini, na katika pambano hilo alistahili kushinda. Lakini kukusanya si kupima. Sehemu kubwa ya aliyoyakusanya ilitoka katika maandishi ya wamisionari na wanaanthropolojia wa nyakati mbalimbali, na kauli ya mzee aliyeishi jirani na misheni kwa miaka mingi ikiwekwa katika orodha moja na dua ya mtu ambaye hakuwahi kusikia mahubiri, orodha hiyo haiwezi tena kueleza ni nani alimfundisha nani.

Kwa bahati njema, Nyanda za Juu Kusini zina chanzo kinachoruhusu upimaji huo. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na baada ya kifo cha mumewe mwaka 1944, Monica, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alichapisha mfululizo wa vitabu ambao kilele chake ni kile cha mwaka 1959 kuhusu matambiko ya jamii nzima, *Communal Rituals of the Nyakyusa*. Kitabu hicho kinastahili kusomwa polepole, ukurasa kwa ukurasa, na kila anayetaka kuandika juu ya dini za asili za Tanzania. Ubora wake hauko katika nadharia, ambayo kwa kweli ni ya kawaida kwa zama zake, bali katika adabu yake mbele ya ushahidi: mwandishi huacha maneno ya wasimulizi yasimame yenyewe, hueleza msimulizi ni nani, kama ni kuhani wa tambiko au Mkristo aliyebatizwa, na pale ambapo wasimulizi wawili wanapingana hawapatanishi kwa nguvu ili ukurasa upendeze.

Kinachojitokeza katika kurasa hizo si mwanafalsafa anayetazama nyota. Huko Lubaga, karibu na mlima Rungwe, aliishi Lwembe, mtawala mtakatifu ambaye nguvu zake zilidhaniwa kubeba mvua na rutuba ya ardhi. Makuhani wa Kikinga walishuka milimani kuja kwake wakileta majembe ya chuma. Lwembe alipougua hakuachwa afe kifo cha kawaida, bali makuhani walimziba pumzi, na kabla ya hapo walichukua nywele na kucha zake ili rutuba isiondoke pamoja naye. Wahenga waliaminiwa kuwa chini ya ardhi, wala si mbinguni. Kyala naye, ambaye leo jina lake ndilo jina la Mungu katika Biblia ya Kinyakyusa, kwa hitimisho la Monica Wilson alikuwa awali shujaa mmojawapo wa aina ya Lwembe, mwenye mahali pake patakatifu upande wa Ziwa Nyasa. Fikra kwamba yuko juu, peke yake, na kwamba ndiye aliyeumba vyote, ilikua pamoja na mahubiri ya wamisionari wa Berlin na wa Moravian. Wazee waliozungumza na watafiti hao walikuwa wameishi na mahubiri hayo kwa zaidi ya miaka 40.

Wapo watakaosema kwamba Wanyakyusa ni jamii moja tu, na pingamizi hilo ni la haki. Kwa Wahehe wa Iringa, Nguluvi hutajwa waziwazi pamoja na uumbaji, na hapo Mbiti anapata nafuu. Hata hivyo matambiko ya ugonjwa na ya misiba yalielekezwa kwa masoka, yaani roho za wahenga, na Nguluvi akabaki mbali, bila mtu kuhitaji kumthibitisha kwa hoja. Kumtaja muumba katika simulizi ni jambo moja, na kumfikia kwa kuuliza kwa nini ulimwengu upo ni jambo jingine; ushahidi wa Iringa unaonyesha la kwanza bila kuonyesha la pili. Wazee wa nyanda hizi walikuwa na maswali mazito, lakini yalihusu mvua iliyochelewa, mtoto aliyekufa na mtawala aliyezeeka.

Kosa la upande wa pili nalo lisiachwe lipite. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 aliwashutumu Mbiti na wenzake kwa kuipa miungu ya Kiafrika sifa zilizotoka kwa Wagiriki, na shutuma hiyo ina ukweli mwingi. Wasomaji wake wengine wameichukua hatua moja mbele, wakadai kwamba swali lenyewe la chanzo cha vyote ni la kigeni, na kwa hiyo halina haja ya kujibiwa na Mwafrika. Dai hilo linafanya kosa lilelile la wapinzani wake, kwa kuwa pande zote mbili huhesabu kura za wahenga, upande mmoja ukihesabu sauti na mwingine ukimya, ilhali uhalali wa hoja haupigiwi kura. Wanyiha wa Mbozi waliishi kwa vizazi vingi jirani na kimondo cha Ndolezi, bonge la chuma la tani 16 hivi lenye urefu wa mita 3 hivi, ambalo watu wa nje walilifahamu mwaka 1930 tu. Hakuna simulizi lililorekodiwa la siku kilipoanguka, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo hakikuanguka.

Historia ya hoja yenyewe inafahamika na inahitaji kukumbushwa kwa ufupi tu. Iko katika sura mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza, iliyotetewa na al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, husema kwamba ulimwengu ulianza, na kila kinachoanza kina kilichokianzisha. Ya pili, ya Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, haijali kama ulimwengu ulianza. Hutofautisha kitu tegemezi, yaani kile ambacho kingeweza kutokuwepo, na kitu cha lazima, yaani kile ambacho hakiwezi kutokuwepo, kisha hudai kwamba vitu tegemezi haviwezi kueleza kuwepo kwake bila kile cha lazima. Thomas wa Aquino aliamini mwanzo wa ulimwengu kwa imani, lakini alikataa kwamba akili peke yake inaweza kuuthibitisha. Tahadhari hiyo ilisahauliwa na Papa Pius XII mwaka 1951, alipotamka kwamba sayansi mpya ya nyota imekuwa shahidi wa uumbaji, jambo ambalo halikumfurahisha Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia ya Mlipuko Mkuu, kwa kuwa aliona kwamba nadharia yake iko nje ya swali la kidini. Lemaître alikuwa sahihi, na wahubiri wanaoitaja miaka bilioni 13.8 kana kwamba ni aya ya Mwanzo wangefanya vyema kumsikiliza.

Sura ya pili hupimwa vizuri zaidi kwa kitu kimoja kinachoshikika, na kimondo cha Ndolezi kinafaa. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vimondo vya namna hii kwa kawaida hutokana na magimba madogo yaliyoyeyuka mwanzoni mwa mfumo wa jua, metali ikazama ndani, kisha yakapasuliwa kwa kugongana. Chuma chenyewe kilitengenezwa na nyota zilizolipuka kabla ya jua kuwepo. Na nyota hizo zilitokana na haidrojeni na heli za ulimwengu mchanga. Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuueleza mnyororo huo kwa wanafunzi wakiwa wamekizunguka kimondo hicho, na mmoja wao alipouliza haidrojeni nayo ilitoka wapi, mwenzake alimkatiza kwa kusema kwamba ipo tu, na safari yao ya kurudi Mbeya ikaishia kuwa mdahalo ndani ya basi.

Jibu la mwanafunzi huyo ndilo alilolitoa Bertrand Russell mwaka 1948, katika mdahalo wake wa redio na padri Frederick Copleston, kwamba ulimwengu upo tu, na hapo ndipo maelezo yanapokoma. Lina nguvu zaidi linapoungwa mkono na David Hume, aliyeona kwamba kila sehemu ikishaelezwa na iliyotangulia, hakibaki kitu kinachoitwa jumla cha kuelezwa. Lakini behewa la treni ya TAZARA linalopita Mbozi huvutwa na lililo mbele yake, na kuongeza mabehewa hata yasiyo na idadi hakuelezi kwa nini msafara mzima unakwenda. Pingamizi zito zaidi ni jingine: ikiwa kila kitu lazima kiwe na sababu ya kutosha, basi kila kitu kinakuwa cha lazima, na utegemezi unatoweka kabisa. Pingamizi hili linaiua kanuni katika umbo lake kali, na anayeitetea hoja hana budi kuridhika na umbo la unyenyekevu, kwamba kitu ambacho kingeweza kutokuwepo kinahalalisha kuulizwa kwa nini kipo. Umbo hilo halijakanushwa, na kulinyamazisha kwa kusema kwamba kitu kipo tu ni uamuzi wa kuacha kuuliza, ambao mwanasayansi asingeukubali katika hatua nyingine yoyote ya mnyororo ule.

Kwa hiyo kuwepo kwa ulimwengu kunatoa sababu nzuri, ingawa si ithibati, ya kukubali kwamba upo msingi usiotegemea kingine. Hapo ndipo Lubaga inaporudi kuwa na uzito wa kifalsafa, kwa kuwa historia yake inaonyesha kwamba anayeombwa mvua na anayesemwa kuumba vyote wanaweza kukaa mbalimbali katika fikra za watu, na kwamba ilichukua miaka ya mahubiri kuwafanya mmoja. Hoja ya Ibn Sina, hata ikikubaliwa yote, haionyeshi kwamba msingi huo unasikia maombi, unapenda au unahukumu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake kwamba mababu walikwisha kuyathibitisha yote hayo kwa kutazama milima ya Rungwe anawasingizia mababu, na anamnyima mwanafunzi kazi ambayo mababu hawakuifanya na ambayo hakuna mwingine wa kuifanya kwa niaba yake.