Angalia Pawasaplai Kwanza

Msikilizaji wa Nakuru, Gilgil, Njoro na Molo, unataka kompyuta ya kuchezea gemu, na pesa ni za kuhesabu. Ununue iliyokwisha kuundwa, au uiunde mwenyewe?

Ukiunda mwenyewe, unachagua kila kipuri. Lakini vipuri vingi huagizwa Nairobi, vikaja kama kifurushi cha matatu. Kimoja kikikataa kuingiana na kingine, ni gharama tena, ni kungoja tena.

Kwa mwenye pesa kidogo, mimi naona njia ya katikati ndiyo bora. Nunua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Kisha iongezee kadi ya grafiki.

Hapo ndipo wengi huumia. Kompyuta hizo zilitengenezewa barua na hesabu. Pawasaplai yake, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani, huwa na nguvu ndogo. Tena mara nyingi plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha na yoyote ya dukani. Kwa hivyo, angalia pawasaplai kwanza. Narudia: pawasaplai kwanza, kadi baadaye.

Chagua kompyuta yenye kasha pana, si lile jembamba, ili kadi iingie. Tafuta kadi isiyohitaji waya wake wa pekee wa umeme.

Ukifika dukani, mwambie fundi afungue kifuniko. Soma kibandiko cha pawasaplai. Kadi ikishawekwa, washa, cheza gemu yako nusu saa, usikilize feni. Omba risiti iliyoandikwa muda wa waranti. Ndipo utume M-Pesa.